Anti, mi ndo mpima maji wa mji, na nyumbani nachemsha kimya kimya

Shikamoo anti.

Naomba usitaje jina langu wala mji, hata mkoa usiandike, maana huku tunajuana wote na mamlaka yetu ya maji ni ndogo, stafu hatufiki therathini, ukisema tu "yule dada wa maabara" kila mtu anajua ni nani.

Nina miaka 33, nimeolewa, watoto wawili, mume wangu anaendesha bodaboda. Mi ni fundi sanifu maabara. Asubuhi naenda kwenye mtambo nachukua sampuli, alafu nazunguka vioski vitano, bomba la shule ya msingi na la kituo cha afya. Natumbukiza kale kakidonge kwenye kachupa, natikisa, maji yakiwa na klorini, ile dawa ya kuua vijidudu, yanageuka pinki, nalinganisha na rangi za kwenye kisanduku, naandika namba kwenye rejesta, nasaini. Ikifika bombani inatakiwa isipungue miligramu 0.2 kwa lita, sisi huwa tunalenga 0.5. Ndo kazi yangu hiyo, haina maajabu.

Sasa mwezi wa pili pampu ya kuweka dawa ikafa. Mwanzoni fundi alikuwa anachanganya unga wa klorini kwenye pipa anaachia udondoke mdogo mdogo, siku nyingine inazidi watu wanalalamika maji yananuka, siku nyingine hamna kitu, basi tukawa tunaenda hivyo hivyo. Baadae na unga wenyewe ukaisha, mzabuni anatudai hela ya tangu mwaka jana kagoma kuleta. Kuanzia hapo nikitumbukiza kidonge maji yanabaki meupe peee. Hii ni wiki ya saba.

Siku ya kwanza niliandika 0.0. Bosi akaniita ofisini. Hakufoka anti, na hilo ndo tatizo, angefoka mi ningejua pa kushika. Alifunga mlango akasema mdogo wangu, ripoti ikienda juu na sifuri mimi nitaulizwa, bodi itaulizwa, hela ya mradi itasimama na dawa ndo hatutaipata kabisa, wewe andika sifuri nukta tano, wiki ijayo dawa inakuja. Nikaandika. Wiki ijayo ikazaa wiki ijayo nyingine. Saizi nina kurasa na kurasa, 0.5, 0.5, 0.4, nyingine nabadilisha badilisha makusudi ili isionekane imekopiwa, na chini sahihi yangu.

Na huyu bosi sio mtu mbaya kwangu. Nimekaa pale kwa mkataba wa muda miaka mitatu, yeye ndo alinipigania nikapata ajira. Mama alipozidiwa usiku alitoa gari ya ofisi na mafuta akaweka yeye. Mtu kama huyo namchomaje?

Mvua za masika zimeanza. Chanzo chetu ni mto, maji yanakuja rangi ya chai ya maziwa. Wiki mbili zilizopita nikapima bakteria wa kinyesi bila kumwambia mtu, nikaotesha masaa 24, asubuhi kufungua kisahani kimejaa vidoti, nilianza kuhesabu nikaacha. Inatakiwa kwenye mililita 100 kusiwe na hata kimoja. Nikapiga picha, ipo kwenye simu.

Nyumbani nachemsha. Kuna jirani yangu ni mama lishe, ukuta mmoja. Jioni moja akanikuta nimeinjika sufuria kubwa, akaanza kucheka, "we mpima maji mzima unamaliza mkaa kuchemsha maji, si nyie mnatuambiaga maji yenu safi?" Nikamjibu namchemshia mdogo ana kifua. Uongo ulitoka wenyewe anti, sikuupanga. Wiki iliyofuata mwanae akaharisha, akalazwa siku mbili kituo cha afya. Amepona, Mungu mkubwa. Ila alikuja kunihadithia mimi, kakaa kwenye mkeka wangu analia, na mi nikampa kikombe cha maji. Ya kuchemsha.

Tangu siku ile silali vizuri. Mume wangu anasema nyamaza, hayo maji sio ya baba yako, na kwenye mshahara wangu benki inakata mkopo, imebaki miaka minne. Mwenzangu mmoja wa ofisini anasema nisajili laini nyingine nirushe picha kwenye grupu la WhatsApp la mji alafu nikae pembeni niangalie. Mi sijui. Nikisema ni msaliti kwa mtu aliyenishika mkono, nikinyamaza sijui naitwa nani.

Nisaidie anti.
Mchemsha Maji

MAJIBU YA ANTI

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikawa nahesabu. Bosi umemtaja kuliko maji. Kwa hiyo naona swali lako sio kama maji ni machafu, hilo kidonge kimekujibu wiki saba mfululizo. Wewe umekwama kati ya mtu aliyekutendea wema na watu wanaokunywa namba unayoandika, na katikati hapo kuna mkopo, mume na jirani aliyekaa kwenye mkeka wako. Nimekuelewa hivyo, kama nimekosea utanisahihisha.

Tuanze na huyo bosi. Kabla ya kazi hii ya kujibu barua nilikaa halmashauri miaka mingi, kwa hiyo nikisoma habari za mzabuni aliyegoma sishangai, mamlaka ndogo inaishi kwa bili, na wadaiwa sugu wengine ni ofisi za serikali hizo hizo ambazo huwezi kuzikatia maji kirahisi. Inawezekana kabisa na yeye anazama. Mi simhukumu. Ila angalia kitu kimoja: maneno aliyasema yeye na mlango umefungwa, kwenye karatasi kuna sahihi yako peke yako. Hakuna dokezo, hakuna meseji, hakuna chochote chenye jina lake. Sisemi alipanga hivyo, labda hata hajaliwaza. Ila wema aliokufanyia kwa mama yako ni deni lako wewe na yeye, je unaweza kulilipa kwa mfuko wa watu wa vioski vitano?

Alafu ile hoja yake kwamba sifuri itasimamisha hela, umewahi kuigeuza upande wa pili? Huko juu kuna watu wanagawa dawa na hela za dharura, wanasoma ripoti. Mji unaosoma 0.5 kila siku una shida gani? Hauna. Nani atauletea klorini? Sina uhakika sifuri ingeleta dawa, serikali tunaijua, ila 0.5 nina uhakika haiwezi kuileta. Huenda ile namba inayomlinda ndo inayomnyima.

Na mtoto wa jirani. Hapa naomba uende taratibu. Mtoto anaharisha kwa mikono, kwa ndoo isiyofunikwa, kwa nzi, kwa tunda la barabarani, huwezi kujua ni maji ya bomba na mi siwezi. Ukiingia popote na maneno "maji yetu yamelaza mtoto" watakuuliza ushahidi na utakwama hapo, na yale unayoyajua kweli yatafunikwa. Unachokijua ni klorini 0.0 kwa wiki saba na kisahani kimoja. Hicho kinatosha, usikiongezee chumvi. Na usijihukumu kwa kesi ambayo hakuna aliyeipima.

Nikupe kisa kimoja kwa sababu kinakuhusu mpaka kwenye desimali. Kuna mji mdogo unaitwa Walkerton, jimbo la Ontario huko Kanada, watu kama elfu tano hivi. Mei mwaka 2000 ilinyesha mvua kubwa, maji ya mvua yakaingiza bakteria wa kinyesi cha ng'ombe kwenye kisima kimoja cha mji. Wahudumu wa maji pale walikuwa na mazoea ya miaka, badala ya kupima klorini kila siku wanajaza tu fomu, 0.5 au 0.75. Unaiona namba? Majibu ya maabara yalifika kwa meneja tarehe 17 kuonyesha maji yamechafuka, akakaa nayo. Ofisi ya afya ya eneo ikaanza kuona watoto wanaharisha damu, ikapiga simu kuuliza maji vipi, ikajibiwa maji salama, ikapiga tena, salama. Tarehe 21 mganga wa afya wa eneo lile, Dk. Murray McQuigge, na watu wake wakatangaza watu wachemshe maji, mamlaka ya maji ikiwa bado inasema hamna tatizo. Hawakuwa na majibu ya maabara mkononi, walikuwa na wagonjwa tu. Walikufa watu 7, waliougua wakapita elfu mbili. Tume ya jaji ikakaa, na kitu kimoja kilichofunguliwa mbele yake ukurasa kwa ukurasa ni zile fomu. Meneja na mdogo wake, ambaye naye alikuwa anafanya kazi pale, wakahukumiwa mwaka 2004, meneja mwaka mmoja jela, mdogo wake kifungo cha nyumbani.

Sikutishi. Kilichonikaa mimi ni kwamba wale ndugu wenyewe walikuwa wakiyanywa maji yale, waliamini ni mazuri. Wewe huyanywi. Hapo ndo unapotofautiana nao, na nadhani ndo maana hulali.

Tuangalie milango basi, na kila mlango nitakwambia mbwa wake.

Upo wa kalamu. Kesho asubuhi unatumbukiza kidonge na unaandika unachokiona. Husemi na mtu. Utaitwa, hilo hakika. Ukiitwa unaweza kuwa na karatasi tayari, dokezo fupi kwenda kwake, tarehe, tangu lini hakuna dawa, umepima nini, unapendekeza nini: tangazo la kuchemsha maji, kuazima dawa mamlaka ya jirani, shule na kituo cha afya waanze wao. Lipokelewe, nakala yako ipigwe muhuri. Dokezo la namna hiyo linaweza hata kumsaidia yeye, mtu anayeenda kuomba hela anahitaji karatasi inayolia. Au linaweza kumuudhi, aone umemwekea kaa kiganjani, na wewe unamjua kuliko mimi. Kurasa za nyuma usizichane wala usizifute, ukianza kusafisha unageuka mtu mwingine kabisa. Na kabla hujamwambia yeyote kwa maandishi kwamba uliandika namba za uongo, ongea na mwanasheria, kwa sababu hapo na wewe una kosa lako, siwezi kukuficha. Wasaidizi wa kisheria wapo wilaya nyingi na hawalipishi, nenda hata wilaya ya jirani ambako hawakujui.

Upo wa afisa afya. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inampa yeye kazi ya kuangalia maji ya wananchi, kwa hiyo anaweza kuja kuchukua sampuli yake, kwa jina lake, ikapelekwa maabara ya wizara, na wewe usionekane kabisa. Wengi huu wanausahau. Shida yake ni kwamba mji mdogo afisa afya na bosi wako pengine wanakunywa soda meza moja jioni.

Wa tatu ni kwenda juu, kwa bodi yenu, EWURA wanaodhibiti huduma za nishati na maji Tanzania, au wizarani. Ipo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, na afya ya jamii kuwa hatarini ni moja ya mambo inayoyataja, mradi unasema kwa nia njema, unachokiamini kwa sababu za msingi, na unakipeleka kwa mamlaka husika. Hicho kipande cha mwisho kikariri. Sheria inamkataza mwajiri kukulipizia, na ukionewa kuna Tume ya Utumishi wa Umma ya kukata rufaa. Sasa hiyo ni karatasi. Mtaani unajua mwenyewe, inakuja barua umehamishwa "kwa manufaa ya umma" kituo ambacho hata mtandao haushiki, na hakuna aliyeandika popote kwamba ni adhabu. Mshahara upo, mkopo unakatwa kama kawaida, ila bodaboda ya mumeo na wateja wake wamebaki mjini. Hicho ndo nadhani mumeo anakiogopa, sio ubinadamu umemtoka. Badala ya kubishana naye kama useme au usiseme, kaeni usiku mmoja na daftari mhesabu, tukihamishwa tunaishije, mshahara ukisimama tuna miezi mingapi. Inawezekana hofu ikapungua, inawezekana ikaongezeka, ila angalau mtakuwa mnaogopa kitu kimoja.

Na WhatsApp. Mwanangu, laini za siku hizi zinasajiliwa kwa kidole, hicho hicho unachoshikia kachupa. Na mji wenu una maabara moja ya maji, kile kisahani kapiga picha nani? Malaika? Juu ya hapo kuna hili, watu wakitishika bila maelekezo wanakimbilia visima vya kuchimba kwa mkono na huo huo mto, wanaweza kunywa kibaya zaidi. Na sheria niliyokutajia inazungumzia mamlaka husika, grupu sio mamlaka.

Ila sitakudanganya kwamba kutoka nje hakujawahi kusaidia. Flint, Marekani, mji ulibadilisha chanzo cha maji Aprili 2014 kubana matumizi, maji ya mto hayakuwekewa dawa ya kuzuia yasile mabomba, madini ya risasi, ambayo ni sumu, yakatoka kwenye mabomba ya zamani yakaingia kwenye vikombe vya watoto. Mtumishi mmoja wa shirika la mazingira la serikali kuu, Miguel Del Toral, aliandika ripoti ya ndani Juni 2015, namba zikiwemo za nyumba ya mama mmoja aliyekuwa akipiga kelele hasikilizwi. Mama yule akaipata akampa mwandishi wa habari, ndo ikaanza kusikika. Msemaji wa idara ya jimbo akamponda Del Toral hadharani kama mtu anayejiendea kivyake. Oktoba mji ukarudishiwa maji ya zamani. Angalia lakini, yeye alianza ndani, kwa jina lake, kwa vipimo, karatasi ndo ikatembea. Na alikuwa mtaalamu wa miaka mingi wa serikali kuu ya Marekani, wewe nyuma yako kuna bodaboda. Nalisema ili usijilinganishe naye ukajiona mwoga.

Umebaki mlango wa kunyamaza. Usiseme huo sio uamuzi, unao kila asubuhi unaposaini. Unalinda mshahara leo na kesho pia, pengine dawa itakuja Jumatatu na hakuna atakayejua. Nao una mbwa wake. Kipindupindu kile kilichoanza Dar Agosti 2015 kilizunguka mikoa mingi, na kikifika mji wowote wageni wanaokuja wanaomba kuona rejesta ya klorini. Sampuli yao ikisoma sifuri na yako inasoma 0.5, bosi atakuwa wa kwanza kushangaa, na sidhani kama atakumbuka ule mlango aliofunga.

Umeuliza kuhusu usaliti. Mi nakurudishia, ukimfikiria yeye siku mambo yakibumburuka, angependa kuwa amesikia kwanza kutoka kwako, wewe na yeye, au kutoka kwa Mkuu wa Wilaya? Kumwendea kwanza ni heshima. Pia ni kumpa muda wa kujipanga, na mtu anayezama anashika chochote, hata rejesta. Vyote viwili ni kweli, na wewe ndo umeona macho yake siku ile.

Siwezi kukuchagulia. Mkopo sio wangu, na mvua hainyeshi kwangu. Chukua siku chache, ila chache kweli, mto haukusubiri. Ukishaongea na mwanasheria au ukiona umekwama pabaya zaidi niandikie, hata mstari mmoja.

Ila yupo yule jirani, na kwake huhitaji kibali cha bosi wala dokezo. Akikukuta tena kwenye sufuria mwambie dada na wewe chemsha, mvua hizi mto umechafuka, au anunue vile vidonge vya kutibu maji duka la dawa. Chai yake inachemka, wali unachemka, maharage yanachemka. Mimi nayafikiria yale majagi anayoweka mezani.